Kwaya Isiyo na Besi

Meli iliacha bandari ya Mwanza usiku, mapema Julai 2024, na bibi aliyekaa jirani yangu hakulala hata kidogo. Kila meli ilipoyumba alishika rozari yake kwa nguvu. Baadaye aliniambia kwamba mdogo wake alikuwa ndani ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imeshakaribia Mwanza, na kwamba amelala Igoma pamoja na wengi waliokufa siku ile. Nilimpa pole, nikakosa la kuongeza. Akaniuliza mimi naenda kufanya nini Kagera.

Nikamweleza kwamba nasoma chuo, tuko likizo, na usharika wetu wa Dar es Salaam umenituma kuhudumu na vijana wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kwa wiki nane.

"Vijana?" akasema. "Wasichana utawakuta, mwanangu. Wavulana wako majini."

Nilidhani ni maneno ya mtu mwenye uchungu na ziwa.

Nilishuka Kemondo alfajiri. Mwinjilisti alikuwa amekuja na pikipiki, akafunga sanduku langu kwa mpira nyuma ya kiti, tukapanda mlima. Kwa asiyefika Kagera niseme hivi: kijiji hukioni mpaka uingie ndani yake. Nje ni rweya, nyasi tupu za rangi ya mkate, halafu ghafla unaingia kwenye migomba, chini yake mibuni, maharage, na nyumba katikati. Hicho ndicho kibanja, na kila kilichotokea baadaye kilianzia hapo, kwenye ukubwa wa kibanja.

Nilipokewa vizuri mno. Mama mwenyeji wangu aliniletea punje za kahawa za kutafuna, zilizofungwa kwenye jani la mgomba, akakaa kuniangalia kama nazipenda. Nilizipenda. Siku ya Alhamisi nikaenda mazoezi ya kwaya ya vijana. Walikuwepo wasichana kumi na saba. Sauti ya tatu ilikuwa na wavulana wawili wa kidato cha pili. Sauti ya nne, yaani besi, aliiimba mzee wa kanisa mwenye mvi, peke yake, kwa bidii hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mwalimu wa kwaya hakutoa maelezo. Alinyanyua mkono, wakaanza, na wimbo ukasimama kama nyumba ambayo msingi wake umechimbwa upande mmoja tu.

Nilikuwa nimekuja na daftari. Semina sita, kila Jumapili mchana baada ya mnada wa sadaka: uchumba, kazi, ulevi, maombi, na kadhalika. Ya kwanza walikuja watu kumi na mmoja, ya pili tisa, na wavulana walikuwa wale wale wawili. Usiku ule, tarehe 14, nililia chumbani. Niliamini Mungu amenituma, na sikuelewa kwa nini amenituma kwa viti vitupu.

Kesho yake Mwinjilisti alinipeleka kwenye kibanja cha marehemu babu yake. Babu aliwagawia wana wanne. Wana wale nao wana watoto wa kiume. Alinionyesha vipande kwa kidole: hapa mwisho wa mmoja, pale mwanzo wa mwingine, na kati yao hatua zisizofika thelathini. "Kijana wa miaka ishirini akisimama hapa," alisema, "anaona ziwa lile pale." Ndivyo wanavyokwenda. Hakuna anayewafukuza. Wanakwenda Bumbire, Goziba, na visiwa vingine vya Muleba, kuvua dagaa kwenye mitumbwi ya matajiri.

"Basi twende tukawaone Jumapili," nikasema.

"Tungoje mbalamwezi, dada."

Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Usiku wa giza taa inamwita dagaa, naye anakusanyika. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, dagaa hana sababu ya kuifuata taa, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Hapo nikaelewa kwa nini semina zangu zilikosa watu. Jumapili ya kwanza ya Julai iliangukia gizani kabisa, mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama. Wale niliokuwa nawaandalia semina walikuwa wamekesha wakivuta nyavu, na saa ya semina walikuwa usingizini mchangani. Kalenda yetu ya vijana ilikuwa imechapwa vizuri, kwa rangi, na ilikuwa kalenda ya watu walioko nyumbani.

Tulivuka kwenda Bumbire Ijumaa tarehe 19: mimi, Mwinjilisti, na mama mmoja wa umoja wa wanawake, ambaye alisema hawezi kuniacha niende mwaloni, kwenye kambi ya wavuvi, na wanaume pekee. Upepo wa kusini ulitupiga njia nzima. Sikuwa naomba kwa sauti, lakini nilikuwa naomba.

Mwalo unanuka dagaa kabla hujauona. Wasichana walikuwa wakigeuza dagaa kwenye chanja, wengi wao umri wangu au chini yake. Wanaume walikuwa wameketi wakishona nyavu na kucheza drafti. Nikaanza kuwatambua kwa sura, kwa sababu niliwajua dada zao. Huyu pua ni ile ya sauti ya kwanza, yule macho ni ya sauti ya pili. Mmoja aliniambia jambo ambalo ningependa lisomwe kwenye kila kikao cha vijana: "Dada, hatujalikataa kanisa. Kanisa linafunguliwa Jumapili asubuhi, na asubuhi sisi ndiyo tunalala."

Sikufungua daftari. Tulikaa siku tatu. Nilikaa zaidi na wasichana, nikageuza dagaa nao mpaka vidole vikawa na harufu isiyotoka kwa sabuni. Walisema mambo ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu waliniambia mimi.

Kwa wavulana swali lilikuwa moja, lilirudi kwa namna nyingi: naruhusiwa kuimba? Wengi wanaishi na wanawake bila kufunga ndoa. Mahari inadaiwa, sherehe ni gharama, basi wameanza maisha hivyo hivyo, na kwa utaratibu wetu wametengwa na Meza ya Bwana mpaka warudi kundini. Kagera jambo hili lina uzito wake. Uamsho ulioingia ukitokea Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ulifundisha watu kutubu hadharani na kutembea nuruni, na ni imani hiyo iliyomlea hata Askofu Josiah Kibira, mzaliwa wa Kashenye, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Naiheshimu imani hiyo, imenilea mimi pia kupitia bibi yangu. Lakini pale Bumbire niliona vijana wanaodhani kwamba mlango umefungwa kwa kufuli, kumbe umeegeshwa tu, na hakuna aliyevuka maji kuwaambia. Na nitasema bila kuzunguka: kama kinachowazuia ni gharama ya sherehe, kanisa liwafungishe ndoa bila sherehe.

Jumapili tarehe 21 mwezi ulikuwa mpevu. Tulifanya ibada usiku, ufukweni, na kitabu cha nyimbo kilisomeka bila taa. Walikuja watu wengi kuliko niliowaona wakikaa kijijini ibada ya asubuhi. Nyimbo mpya za kwaya hawakuzijua. Walijua zile za zamani, za darasa la kipaimara, na walipoziingia nilisikia sauti ya nne ikitoka vifuani mwa wanaume labda ishirini kwa pamoja. Mama wa umoja wa wanawake alinishika mkono akasema, "Waitu, kumbe walikuwa huku."

Tukirudi, Mwinjilisti alinisimulia habari zake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na wazazi wake wote wawili waliondoka katika miaka iliyofuata. Alilelewa na bibi. Anasema vijana wa kwaya ya wakati ule walikuja kila Jumamosi, wakamchotea bibi maji, wakapalilia migomba, na jioni wakaimba mlangoni. Hawakumhubiria. "Ninaendelea na ile Jumamosi yao," alisema, akaangalia injini kama ilikuwa na tatizo.

Agosti tulipanga upya. Semina zilizobaki niliziacha. Tulivuka tena siku za mwezi mpevu, tarehe 17 hadi 20, na safari hii Mchungaji alikuja na kanzu yake kwenye mfuko wa plastiki ili isilowe. Alifungisha ndoa mbili chini ya mti, hakuna keki, hakuna muziki wa kukodi. Wengine watatu walisema wangali wakifikiria. Mmoja alikasirika akaondoka, nami sikuwahi kumwona tena kuzungumza naye, jambo linaloniuma mpaka leo. Kabla hatujapanda mtumbwi, Mwinjilisti alitoa penseli akazungushia tarehe 18 Septemba kwenye kalenda ya usharika, palipokuwa pameandikwa "mapumziko".

Nilipanda meli Kemondo mwishoni mwa Agosti. Mwezi ulikuwa haujachomoza. Tulipotoka ghubani taa zikaanza kuonekana, moja, tano, kisha nyingi mno, zimepangana juu ya maji kama mtaa wa mji. Nilisimama kwenye reli nikijaribu kukisia ipi ni ya nani. Abiria mmoja akaniuliza kama kuna mtu ninamtafuta. Nikamwambia ndiyo, sauti ya nne.