Siku Moja na Sisi Tunaosimamisha Nguzo za Taa

Saa 11 alfajiri niko kituoni Mbagala nagombania daladala, mfuko wa spana begani. Wakiona reflekta, abiria wengi hudhani nafagia barabara. Sawa tu, kazi ni kazi. Mimi ni fundi umeme, nafunga taa za barabarani, na leo nataka mjue kwa nini mtaa wenu unakaa na mashimo wiki nzima bila taa hata moja.

Saa 1 asubuhi ni kikao cha usalama na kugawa sululu, machepe na mitalimbo. Saa 2 tunachimba. Shimo la nguzo ya mita 8 si shimo la kupandia mgomba: linashuka zaidi ya mita moja, linawekwa nondo na boliti nne, ndipo linamwagwa zege. Zege lazima likomae kabla ya kubeba nguzo. Kwa hiyo nyie mnaona vyuma vinne vinachungulia ardhini, mnasema mkandarasi kala hela kakimbia.

Saa 3 siku ikaharibika. Mwenye duka la jumla katoka akasimama juu ya alama yetu ya rangi nyekundu.

"Dada, hapa hapana. Lori la soda litapita wapi?"

"Shikamoo mzee wangu. Hapa walipima wapimaji."

"Marahaba. Hawakuniuliza. Sogezeni kule kwa jirani."

Jirani ana saluni. Naye akatoka, taulo begani. "Kwangu tena? Kwani mimi sina mlango?"

Ndivyo ilivyo kila mtaa: taa wanaitaka wote, nguzo haitakiwi na mtu. Na haisogezwi ovyo. Kwa kawaida umbali kati ya nguzo na nguzo ni kama mara tatu au nne ya urefu wake. Ukisogeza moja mita kumi, unaacha kipande cha giza, na vibaka watakijua kabla injinia hajakijua.

Akaitwa mwenyekiti wa mtaa. Yuko msibani. Tukangoja. Vibarua wamekalia ndoo, simu ya msimamizi inaita kila dakika, mzee wa duka kaagiza kiti kabisa akakaa juu ya alama. Mwenyekiti alipofika jua lilikuwa utosini. Akasikiliza wote, akasalimia wote, akatuomba tusogee mita moja na nusu kulia. Injinia akaridhia kwenye simu.

Mtalimbo haujashuka hata futi mbili, maji yakaruka. Bomba la plastiki, halimo kwenye ramani yoyote tuliyopewa. Kuna mtu alijiunganishia zamani akafukia juujuu. Mzee wa duka akacheka sana, mpaka mkewe alipotoka ndani kuuliza mbona bomba la uani halitoi. Hapo akaacha kiti chake akaenda mwenyewe kumtafuta fundi bomba.

Wali maharage wa mama ntilie niliula nimesimama, miguu kwenye tope, sijui saa ngapi. Mchana uliobaki ukaishia kwenye kuchota maji shimoni na kuvuta kebo upande wa pili.

Jua lilipozama tukajaribu kipande tulichomaliza mwanzoni. Taa hizi zina kihisi kinachoziwasha giza likiingia. Zikawaka moja moja, watoto wakashangilia, na hapo huwa nasahau mgongo. Halafu tatu za mwisho kimya. Nikaenda na tochi: kile kimlango kidogo cha chini ya nguzo kimebanduliwa, kebo imekatwa. Shaba yake sasa hivi iko kwenye mzani wa mnunua chakavu. Ndiyo sababu miradi mingi siku hizi inatumia sola, betri inafungwa juu kabisa pamoja na taa. Nako wezi wamejifunza kupanda.

Nimeinama pale nazungushia utepe nyaya zilizobaki, dereva wa bodaboda akasimama.

"Fundi, hizi zitawaka mpaka lini?"

Nikamwambia taa zenyewe zinaweza kwenda miaka. Ila bili ya umeme na fundi wa kuja kubadilisha kebo kama hii vinataka bajeti ya kila mwaka, na mkataba wetu unaishia kwenye kukabidhi.

"Sasa nimuulize nani?"

"Mwenyekiti," nikasema. "Ila leo yuko msibani."