Rojo la Mama na ufizi wa Tui

Ramadhani ile iliangukia Januari 1998, mvua za El Nino zikiwa zimeigeuza Barabara ya 12 pale Ngamiani, Tanga, kuwa tope tupu. Nilikuwa na miaka 11. Bibi aliitwa Pangani msibani, akaniachia Tui, paka wake jike, mweupe kama jina lake. Kabla ya kuondoka alinishika mkono: "Mjukuu wangu, kichwa chake cha samaki changu kichemshe kwa maji matupu. Mtolee miiba, mchanganyie na ugali kidogo. Basi."

Siku mbili nilifanya hivyo. Ya tatu roho ikaniuma. Sisi tunafuturu muhogo wa nazi, samaki na rojo, yeye anakula chakula cha mgonjwa? Na rojo la Mama lilikuwa rojo kweli: vitunguu maji vinne vikubwa, vimekaangwa mpaka vikawa vyekundu na kuyeyukia kwenye nyanya, na saumu ya kutwanga juu yake. Nikawa nachambua mnofu wa samaki, nauloweka humo, nampelekea uani. Alilamba sahani mpaka ikang'aa. Siku nne mfululizo nilimpa hivyo, futari na daku.

Siku ya tano hakuja. Nilimkuta chini ya mtungi, ubavu ukipanda na kushuka upesi upesi. Mama alikuwa anapaa samaki hatua mbili kutoka pale, na Tui hakuinua hata sikio. Kwenye saruji palikuwa na mkojo, mweusi kama chai iliyochemka kupita kiasi.

Mjomba alimtia kwenye kikapu cha ukili, tukaenda kwa daktari wa mifugo. Yule mzee alimpandisha mdomo kwa kidole gumba. Ufizi ulikuwa mweupe, huoni jino linapoanzia.

"Anakula nini?"

"Samaki, daktari. Wa rojo."

"Rojo lina vitunguu?"

"Vingi," nikasema.

Akamwacha Mjomba, akanieleza mimi, taratibu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu. Mbwa naye hudhurika, ila paka ndiye dhaifu zaidi. Moto hauondoi sumu hiyo, na kitunguu kilichokaushwa kikasagwa ni kikali zaidi kwa uzito uleule. Rangi ya damu iliyovunjika hutoka na mkojo. Tena madhara huchukua siku kadhaa kuonekana, na mtu hakumbuki tena alimpa nini. Dawa ya kuifuta sumu hiyo hakuna. Alimtilia maji chini ya ngozi, akasema tumlishe vizuri, mwili wenyewe utatengeneza damu mpya.

Bibi aliporudi nilimwambia yote, nikilia. Hakunigombeza. Nikamuuliza alijuaje kwamba vitunguu ni sumu.

"Sikujua," akasema. "Mama yangu alikuwa anawachemshia hivyo, nami nikashika hivyohivyo."

Alijilaumu kuliko alivyonilaumu mimi, akisema agizo bila sababu ni nusu ya agizo. Kuanzia siku hiyo kichwa cha changu kilitolewa pembeni kabla kitunguu hakijagusa mafuta, kikawekwa kwenye kisufuria chake chenye mpini uliokatika.

Kila asubuhi, baada ya daku na sala, tulikaa barazani na taa ya chemli. Bibi anamshika Tui, mimi namfunua mdomo. Mweupe. Mweupe. Kisha, baada ya Idi, asubuhi moja yenye jua, tukaona waridi hafifu kwenye mzizi wa jino. Bibi aliuinamia, akautazama kwa muda mrefu, halafu akanituma sokoni Deep Sea nikanunue changu.