Chumvi Ninayo

Uppsala, Sweden, Novemba. Saa tisa na nusu alasiri taa za barabarani zimeshawaka, nami siku nimeshaikatia tamaa. Korido yetu ina vyumba kumi na viwili na jiko moja. Kila mtu ana kabati lake na rafu yake kwenye friji, vyote vimebandikwa jina. Watu hupika wameziba masikio kwa muziki, wakipakua kila mmoja anaondoka na sahani yake chumbani. Hata ugomvi wetu hauna sauti, huandikwa kwenye vikaratasi. Cha leo kiko juu ya sinki: mama yako hafanyi kazi hapa.

Ndiyo maana nilicheka peke yangu kama mwehu jana usiku nilipoangalia Tillsammans, yaani "Pamoja", filamu ya Lukas Moodysson ya mwaka 2000. Kisa chenyewe ni cha Stockholm, Novemba 1975. Redio inatangaza kwamba Franco, dikteta wa Hispania, amekufa, nyumba nzima ya wanamapinduzi wanaoishi pamoja inarukaruka na kukumbatiana. Muda si mrefu wanagombana: je, kuosha vyombo si tabia ya kibwanyenye? Neno hilo mara ya mwisho nililisikia kwa babu, enzi zake za TANU. Vyombo, bila shaka, vinabaki vichafu.

Katika nyumba hiyo anafika Elisabeth na wanawe wawili, Eva na Stefan, amemkimbia mumewe Rolf aliyempiga. Anamfuata kaka yake Göran, mtu wa "hewala" kwa kila jambo, hata mpenzi wake akilala na mwingine humo humo ndani. Nilitamani kumtikisa mabega.

Wenye akili humo ni watoto. Wanashika mabango na kuandamana wakidai nyama, kwa sababu nyumba ile haipiki nyama. Pippi, yule binti wa vitabu vya watoto anayependwa Sweden nzima, naye hajanusurika: wakubwa wanamwita bepari. Mtoto mmoja anaitwa Tet, kwa jina la yale mashambulizi ya Vietnam ya 1968. Yeye na Stefan wanacheza mchezo wa kutesana, na wanagombea zamu ya kuwa Pinochet, dikteta wa Chile. Hapo nilicheka, kisha nikajiona vibaya.

Lakini aliyeninyima usingizi hata haishi katika nyumba ile. Ni Birger, mzee anayekaa peke yake. Rolf, yule mume mpigaji, ni fundi bomba, na Birger anamwita aje kutengeneza bomba la sinki. Baadaye tunajua kwamba bomba halikuwa na tatizo. Mzee alililegeza kwa mkono wake mwenyewe ili apate mtu wa kuongea naye. Na ni yeye anayesema kwamba ni heri uji pamoja na wenzako kuliko kipande cha nyama ukiwa peke yako. Filamu inaishia kwenye theluji, wakubwa kwa wadogo wanafukuzana na mpira, wimbo wa ABBA, bendi ya Sweden, unalia, nami bado niko kwenye lile bomba.

Nilimkumbuka shangazi, Morogoro. "Nenda kwa mama jirani kaniombee chumvi." Nami, mtoto mjuaji: "Shangazi, mbona chumvi ipo, kopo zima?" "Nimekuuliza?" Nilikwenda nikiona aibu, maana mama jirani alijua fika kwamba kwetu chumvi haikosekani. Hakunipa niibebe. Alijifunga khanga akaileta mwenyewe, akakalishwa mkekani, na hiyo chumvi ikasahaulika hapo hapo kwenye kijiko mpaka adhana ya magharibi.

Basi, saa tatu usiku, filamu imekwisha, nikagonga mlango wa mkabala. Kijana wa uhandisi, miezi mitatu tunasalimiana kwa kutikisa vichwa tu. Nikamwambia nimeishiwa chumvi. Akashtuka kidogo, akavaa ndala, akaenda jikoni, akanimiminia kwenye kikombe chake cha kahawa. Akauliza kama inatosha. Nikasema inatosha sana. Akatabasamu, akafunga mlango taratibu, kwa adabu zote.

Asubuhi nimekuta pakiti nzima ya chumvi kwenye rafu yangu, mpya, haijafunguliwa, na kikaratasi: niliona umeishiwa, hii ni yako, usirudishe.

Sasa nina pakiti mbili na nusu kikombe. Nimejaribu kuhesabu nitazimaliza lini kwa wali wa mtu mmoja, nikaacha.

Kikombe lakini hakukitaja. Nimekiosha, nimekikausha, kiko mezani hapa mbele yangu. Yeye hupika saa kumi na mbili.