Tramadoli ilivyonigomea, daftari la madeni likanisaidia

Mwaka jana mwezi wa saba, na unajua Mbeya mwezi wa saba ilivyo, ukungu mpaka saa nne asubuhi, nilikuwa natoka Tukuyu na pikipiki nikateleza kwenye mteremko, pikipiki ikanilalia, mfupa wa muundi kwishnei. Nikawekwa chuma hospitali moja hapa mjini.

Baada ya opareshini nikawa napigwa tramadoli, dawa ya maumivu, ya mshipa kila masaa sita. Ilinituliza kiasi ila ilinitapisha balaa, natapika mguu unatikisika, ukitikisika natapika tena. Kesho yake wakaongeza sindano ya ondansetroni, kutapika kukakata palepale kama bomba limefungwa, nikasema afadhali. Kumbe ndo naanza, maana usiku huo sikulala, mguu unagonga kama kuna mtu anapasua kuni ndani, namwambia sista dawa haijaingia, ananiambia kaka nimekuchoma mwenyewe.

Sasa mimi nauza viazi Uyole, na mtu wa viazi bila daftari la madeni utafilisika, hivyo nikamwambia mdogo wangu aniletee daftari nikawa naandika saa ya sindano, dawa gani, na maumivu ni ngapi kwenye kumi. Mzee wa kitanda cha pembeni akanicheka, "Mwanangu, humu ndani unamdai nani?"

Siku ya tatu usiku ondansetroni ikawa imeisha wodini. Nikachomwa tramadoli peke yake. Nikatapika mara mbili ila mguu ukashuka mpaka nne, nikalala! Usiku wa kabla ilikuwa nane. Asubuhi ondansetroni ikaja, nikarudi saba. Hapo nikaona hapana, hii siyo bahati mbaya.

Raundi ilipopita nikampa dokta daftari. Alisoma kimya, alafu akavuta kiti akakaa, kitu ambacho sikutegemea. Akasema tramadoli ina mikono miwili, mkono mmoja inashika vipokezi, yaani vituo mwilini vya kupokea kemikali, vilevile vinavyoshikwa na morfini, mwingine inazuia kemikali za neva, serotonini na noradrenalini, zisirudishwe haraka kwenye neva, zibaki zinafanya kazi. Nikamwambia dokta mimi muuza viazi, niambie taratibu. Akacheka, akasema haya, chukulia uti wa mgongo ni njia panda ya Uyole, maumivu yanapanda kutoka mguuni kama malori yanayotoka Kyela, na chini ya ubongo kuna sehemu inatuma askari washuke kuyapunguza pale njia panda kabla hayajafika juu, na serotonini ni mmoja wa hao askari. Hata morfini yenyewe sehemu ya kazi yake inapitia kwa hao wanaoshuka. Sasa ondansetroni inazuia kutapika kwa kufunga aina moja ya vipokezi vya serotonini, na vipokezi hivyo havipo kwenye njia ya kutapika tu, na kwenye uti wa mgongo vipo. Akasema inajulikana kwamba wagonjwa wanaopewa hizo mbili pamoja huwa wanahitaji tramadoli nyingi zaidi. Ila serotonini nayo ni kigeugeu, kipokezi hiki inapunguza maumivu kingine inayaongeza, kwa hiyo hakuniapia kwamba kwangu sababu ni hiyo tu.

Nikauliza basi si uniongezee dozi? Akakataa, tramadoli ikizidi inaleta degedege. Akaniuliza pia kama natumia dawa za sonona, maana baadhi zinaidhoofisha tramadoli, tena serotonini ikirundikana mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakimbia. Sikuwa natumia. Akabadilisha dawa ya kutapika, akaweka parasetamoli ya saa maalum, siyo mpaka nilie.

Usiku ule nimeandika tano, kesho yake tatu. Kutapika hakukuisha kabisa ila nilivumilia, bora beseni kuliko ule mguu.

Siku naruhusiwa yule mzee akaniomba daftari. Nikachana kurasa za madeni ya viazi, nikamwachia zilizobaki na kalamu.