Ukituma jezi Tanga, uliza namba kwanza

Wagosi, wana Tanga mlio Ulaya, kontena la kwenda nyumbani likikaribia, wengi wenu hununulia timu ya mtaa, iwe ya Makorora au Ngamiani, seti ya jezi yenye namba zilizokwisha bandikwa, 1 mpaka 20. Tafadhali msinunue hivyo. Chukueni jezi tupu.

Kwetu namba ni kazi. Mtu hasemi kijana ni beki wa kulia, husema anacheza namba mbili. Namba sita anakaba, nane anapanda na kushuka, tisa anafunga, kumi anachezesha. Uingereza nako ilikuwa hivyo hadi 1993, Ligi Kuu ilipoanza kumpa kila mchezaji namba yake ya msimu mzima, na namba ikawa jina la pili. Kijana wa Tanga leo anabeba maana zote mbili. Anacheza namba tatu, lakini mgongoni anataka 14 ya Johan Cruyff, nyota wa Uholanzi wa zamani, au mwaka aliozaliwa, kama Ronaldinho alivyovaa 80 akiwa AC Milan. Ukimbandikia 3 kwa sababu ni beki wa kushoto, umempa kazi ukamnyima jina.

Kwa hiyo mwombe kocha orodha: jina, saizi, namba. Wawili wakigombea 10, atakayeikosa apewe 19, 28 au 37, tarakimu zake zikijumlishwa ni kumi ileile. Mshambuliaji Iván Zamorano alifanya hivyo Inter Milan mwaka 1998: 9 ilipokwenda kwa Ronaldo wa Brazil, yeye alivaa 18 yenye alama ndogo ya kujumlisha katikati. Uliza pia kama ipo namba ya marehemu. Marc-Vivien Foé alipofariki uwanjani Juni 2003 akiichezea Kamerun, Manchester City waliiweka kando 23 aliyokuwa akiivaa kwao. Kama mtaani ipo namba ya namna hiyo, familia iulizwe kabla hujaibandika.

Sasa kubandika. Namba ya mgongoni kwa mtu mzima iwe na urefu wa sentimita 25. Jezi nyingi ni poliesta, na hapo ndipo watu huharibu: wakipandisha mashine ya kubandikia kwa joto hadi nyuzi 160 za Selsiasi, rangi ya kitambaa hupenya, na namba nyeupe juu ya jezi nyekundu inageuka waridi, pengine baada ya siku kadhaa. Tafuta plastiki ya kukatia namba iliyo ya joto dogo na inayozuia rangi, nyuzi 130 hadi 140, sekunde 10 hadi 15, ila karatasi ya maelezo ya plastiki yenyewe ndiyo ya kufuatwa. Usifue kabla ya saa 24.

Tuma na tarakimu za akiba. Kwa jezi 1 hadi 20, tarakimu 1 inatumika mara 12, 2 mara tatu, zilizobaki mara mbili mbili. Kwa hiyo moja ndizo za kuzidisha.

Mwambie mfuaji ageuze jezi ndani nje, atumie maji ya baridi, aanike kivulini. Pasi ya mkaa isiguse namba hata kidogo, maana joto lake halipimiki na plastiki hung'ang'ania chuma. Na unapokunja, weka karatasi juu ya kila namba. Kontena likikaa juani, namba zilizogusana hushikana, na ukizivuta zinatoka na vipande.