Dawa ya CT scan na vipimo vya tezi ya shingo

Mama mdogo, ambaye ana rovu la siku nyingi, alipoandikiwa CT scan ya tumbo, nilimsihi atolewe kwanza damu ya kupima TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Dawa inayochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri, ile inayomfanya mtu ahisi joto likimtambaa hadi kinenani, hubeba madini joto (iodini), ambayo tezi huyatumia kutengeneza homoni zake, kwa wingi wa ajabu: mililita 100 huweza kuwa na gramu 30 na zaidi, ilhali mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Sehemu kubwa hutoka na mkojo ikiwa bado imefungamana na dawa, lakini kile kidogo kinachoachiliwa chaweza kuitikisa tezi. Tezi yenye afya hupunguza kwa muda utengenezaji wa homoni, jambo lililoelezwa na Wolff na Chaikoff mwaka 1948, kisha hurejea kazini; yenye vinundu inaweza kuzidisha homoni wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo TSH iliyopanda au kushuka kidogo katika kipindi hicho, kwa mtu asiye na dalili, aghalabu hurudiwa kupimwa kabla ya kumwanzishia dawa za kudumu. Dawa ya MRI (kipimo cha picha kwa sumaku), yenye metali iitwayo gadolini, haina madini joto.