Saa nane ya nani?

Jana nimekesha hapa Nkuhungu, Dodoma, sababu ya bagi (kosa la programu) moja ya kijinga. Kuna mama ana duka Majengo nimemtengenezea kiprogramu cha kurekodi mauzo, asubuhi kanipigia, "mwanangu, hii kitu inasema nimeuza mchele saa tano usiku, mi si nilikuwa nimelala?" Kumbe seva inatunza muda wa UTC, saa ya kimataifa, na sisi Tanzania tuko mbele masaa 3, yaani mauzo ya saa mbili asubuhi yanasomeka 05:00. Nikarekebisha, umeme ukakata, bando likaisha, nikaazima la jirani, nikamtumia. Ikasoma 08:00. Nikajua nimemaliza.

Akapiga tena. "Saa nane mchana nilikuwa msibani, baba."

Nikacheka mpaka machozi, maana mama yuko sahihi, saa yetu inaanza jua likichomoza, mashine yenyewe inaanza usiku wa manane. Basi nikatoa 6 kwenye kila saa, nikalala roho nyeupe. Leo asubuhi, ile saa kumi na mbili kafungua tu duka, simu hiyooo: "Mwanangu, saa sifuri ndo saa ngapi?"